Pembe ya Nne ya Mfarishi

Hasanali alikuwa amekataa mara mbili kwenda China. Mara ya tatu alikubali, na si kwa ajili ya China. Aliambiwa kwamba huko kuna kitu cha kulalia ambacho bado kinatengenezwa kwa mikono.

Hakuwa mtu wa safari. Safari yake ya maana ilikuwa moja tu, ya kutoka Tabora kuja Toronto, mwaka ambao mjukuu wake Amreen alikuwa bado ananyonya, na hata hiyo hakuiita safari, aliiita kufukuzwa. Ukimwuliza nani aliyemfukuza, basi vuta kiti ukae, maana orodha yake ni ndefu. Walikuwamo waliotaifisha nyumba ya baba yake, ile ya ghorofa moja karibu na soko. Alikuwamo meneja wa kiwanda cha makochi hapo Scarborough, aliyempunguza kazini pasipo hata kumtazama usoni. Na mwisho walikuwamo wakubwa wa hospitali, waliomngojesha mkewe Gulbanu miezi saba aonwe na daktari bingwa. Bingwa alipopatikana, Gulbanu alikuwa hamhitaji tena. Hayo yalikuwa na miaka mitatu sasa.

"Mkubwa," alikuwa akisema, "ni kama mvua ya kwetu. Ukiiomba haiji. Wewe anika sufi tu, uone."

Sufi ndiyo iliyokuwa kazi yake. Shule aliiacha darasa la nne, baba akamkalisha dukani, na tangu siku hiyo alishona magodoro na mito: kuchambua sufi, kuipiga fimbo mpaka ivimbe, kuijaza, kuishindilia, kupitisha sindano ndefu kutoka upande huu mpaka ule. Nusu ya maharusi wa mji ule walianzia maisha juu ya kazi yake. Shamez, mwanawe wa pekee, alipooa, Hasanali alimshonea godoro kwa siku nne bila kumwachia kijana wa kazi hata uzi mmoja. Gulbanu alikuja akaliketia, akalibonyeza huku na huku kama anayenunua.

"Na mtoto wao naye, siku yake, atalala juu ya kazi yako," alisema.

"Atalala," Hasanali alijibu.

"Sema naahidi."

"Naahidi, Mama Shamez. Ondoka sasa, unaliua godoro la watu."

Sasa siku ya mtoto huyo ilikuwa imewadia. Amreen alikuwa anaolewa mwezi wa tano na Patrick Shen, kijana wa Kichina aliyezaliwa hapohapo Agincourt, mitaa miwili kutoka jengo la wazee alikokaa Hasanali. Na Hasanali hakuwa na godoro la kumpa. Toronto hakuna sufi. Magodoro ya huko yanakuja yamekunjwa ndani ya boksi, ukiyafungua yanafura yenyewe kama maandazi, na wala hayana mshono unaoweza kusema huu ni wa fulani.

Mara ya tatu Amreen alipokuja kumbembeleza waende naye China ilikuwa Jumamosi moja asubuhi.

"Shikamoo, Babu," alisema, na Kiswahili chake kikaishia hapo. Yaliyobaki aliyasema kwa Kiingereza, kama desturi yao: mzee anauliza kwa lugha yake, binti anajibu kwa lugha yake, na maisha yanaendelea.

"Marahaba, mchumba. Mwizi wako yuko wapi?"

"Yuko chini, anatafuta pa kuegesha gari."

"Atafute vizuri. Mwenye kuninyang'anya mchumba simpi pa kuegesha."

Amreen alicheka, akakaa, akaeleza. Bibi yake Patrick, yule Bibi Shen ambaye Hasanali alikuwa amekutana naye siku ya posa, alizaliwa Suzhou, mji wa mifereji. Kwao huko bibi harusi haingii chumbani mwake bila mfarishi wa hariri: blanketi nene, lililojazwa hariri tupu badala ya pamba, iliyovutwa kwa mikono tabaka juu ya tabaka. Bibi Shen hakutaka wa dukani. Alitaka uvutwe Suzhou, kwa Bi Lu, ambaye mama yake ndiye aliyeuvuta wa kwake. Amreen na Patrick walikuwa wamechukua likizo kwenda kuuleta.

"Unavutwaje?" Hasanali aliuliza.

"Watu wanne wanazunguka meza, kila mmoja na pembe yake, wanavuta kwa pamoja."

"Hizo pembe, mtu anaweza kupewa moja?"

"Babu, tutawauliza."

"Usiulize. Ukimwuliza mkubwa, jibu ni hapana. Mimi nitakwenda kama mgeni, nitasimama karibu na meza."

Ndivyo alivyokwenda China, mzee wa miaka sabini na minane, na sanduku moja, na nia moja.

*

Suzhou ilimpokea kwa harufu ya maua madogo ya manjano ambayo yalikuwa yamechanua kila mahali, na kwa maji. Mji ule una barabara za mbele na barabara za nyuma. Za nyuma ni mifereji. Kuta nyeupe, vigae vyeusi, ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini, na juu yake madaraja yaliyopinda mgongo kama paka aliyeamshwa. Mama mmoja alikuwa anaosha dekio kwenye ngazi. Mwingine alipita na mtumbwi mpana wenye paa, anaendesha kwa kasia moja la nyuma, anaimba, na ndani yake watalii wanne wanapiga picha.

"Nani aliichimba yote hii?" Hasanali alimwuliza Patrick kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

"Ni ya miaka elfu mbili na zaidi," Patrick alisema. "Wafalme."

"Mfalme alishika jembe?"

"Hapana, Babu."

"Basi usiseme wafalme."

Patrick alikuwa kijana mstahimilivu. Aliwapeleka kwenye nyumba ya chai, ambamo mwanamume na mwanamke waliovaa kanzu ndefu walikaa juu ya jukwaa dogo wakapiga vyombo vya nyuzi na kusimulia hadithi, nusu kwa maneno, nusu kwa kuimba. Wazee wa mji walikuwa wanabangua mbegu za maboga na kusikiliza kwa macho yaliyofumba. Hasanali aliomba atafsiriwe. Patrick alisema ni lugha ya Suzhou, naye hajui ila maneno ya jikoni. Basi watatu wote walikaa bila kuelewa kitu, na Hasanali, jambo lisilo la kawaida kwake, hakulalamika. Mhudumu alikuwa anamwongezea maji ya moto kwenye kikombe bila kuombwa.

Waliona pia wanawake wanaotarizi. Mmoja alichukua uzi wa hariri, akaupasua kwa kucha mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ukabaki kitu ambacho Hasanali hakukiona tena, akajua tu kipo kwa sababu sindano ilikuwa inakwenda. Alikuwa anatarizi paka, na ukizunguka nyuma ya kitambaa unamkuta paka yuleyule, bila fundo hata moja. Hasanali alizunguka mara tatu.

"Mwulize macho yake yana hali gani," alimwambia Patrick.

Patrick aliuliza. Mwanamke alijibu bila kuinua kichwa.

"Anasema yalikwisha zamani. Anatumia mikono."

"Huyo fundi," Hasanali alisema, na Amreen akamtazama babu yake, kwa kuwa hakuwa amemsikia akimsifu mtu tangu mazishi.

Karakana ya Bi Lu ilikuwa kwenye kichochoro, mlango wa mbele barabarani na wa nyuma mferejini. Bi Lu mwenyewe alikuwa mama wa miaka sitini, mfupi, mikono minene kama ya mwokaji. Ndani mlikuwa na mabeseni ya maji yenye vifuko vya viwavi wa hariri, vilivyochemshwa vikalainika. Mwanamke mmoja aliyevaa koti jeusi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachukua kifuko, anakifungua majini kwa vidole gumba, anakivisha juu ya upinde wa mwanzi, kimoja juu ya kingine, mpaka inapatikana kofia nyeupe. Kofia hizo zilianikwa juu ya kamba. Zikikauka hupelekwa mezani, na mezani ndiko zinakovutwa: kofia moja, mikono minane, ikatoka kuwa kama kiganja mpaka ikafunika kitanda kizima, nyepesi kama moshi. Kisha nyingine juu yake. Mfarishi wa harusi ulitaka mia.

Hasanali alisimama karibu na meza kama alivyopanga.

Siku ya kuvuta walikuta watu watatu mezani. Bi Lu, mumewe, na jirani anayeuza tambi ng'ambo ya daraja. Pembe ya nne ilikuwa tupu. Patrick aliuliza, akajibiwa, akauliza tena, akageuka na uso wa mtu aliyekosa treni.

"Wa nne ni yule pale," alisema, akionyesha kwa kidevu mwanamke wa kigodani. "Ni wifi yake Bi Lu. Amevuta mifarishi ya maharusi miaka thelathini. Lakini mumewe alifariki mwezi uliopita."

"Basi anaumwa na huzuni," Hasanali alisema.

"Hapana, hali yake ni nzuri. Ila mfarishi wa harusi unavutwa na watu wa heri kamili peke yao. Mwenye mume au mke aliye hai, mwenye watoto. Aliyefiwa haugusi, asije akampa bibi harusi bahati yake. Ya kawaida ataendelea kuvuta. Ya harusi, basi tena. Bi Lu anasema tungoje mpaka Jumatatu, apate mtu."

"Jumatatu tutakuwa Toronto," Amreen alisema.

Hasanali alimtazama mwanamke wa kigodani. Alikuwa anaendelea na vifuko vyake, hakuinua uso, lakini vidole vyake vilikuwa vimepunguza mwendo, kama vya mtu anayesikiliza anavyosemwa.

Kisha Hasanali akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akaishika pembe ya nne.

Bi Lu alisema kitu. Hakukuwa na haja ya mkalimani. Alimwonyesha mumewe kwa kidole, akajionyesha mwenyewe, akaunganisha vidole viwili, akamnyooshea Hasanali kiganja wazi: na wewe je?

Hasanali aliinua mkono wa kushoto, wenye pete. "Yupo," alisema. "Toronto." Akakubali kwa kichwa mara mbili, ili isibaki shaka.

Patrick alifungua kinywa. Amreen akamshika kiwiko, na kinywa kikafungwa.

"Toronto," Bi Lu alirudia, akacheka, akampiga makofi mawili mgongoni. Kazi ikaanza.

Na hapo, kusema kweli, hakuna aliyekuwa na neno. Mzee alivuta kama aliyezaliwa kwenye kichochoro kile. Hakuvuta kwa vidole. Alifunga ngumi, akaingiza kidole gumba ndani, akarudi nyuma kwa uzito wa mwili, hatua moja, taratibu, hariri ikamfuata bila kuchanika. Tabaka la kumi, la ishirini. Mume wa Bi Lu alianza kuhesabu kwa sauti ili wote waende pamoja, na Hasanali akashika hesabu hiyo bila kuijua, akawa anaitikia kwa Kiswahili: haya, twende, haya. Muuza tambi alicheka mpaka akapoteza pembe yake. Amreen alitoa simu apige picha, kisha akairudisha mfukoni bila kupiga.

Kufika tabaka la hamsini Bi Lu alisimamisha kazi. Alizunguka meza akibonyeza pembe zote, akarudi kwenye ya Hasanali, akaibonyeza mara mbili.

"Anasema pembe yako imenenepa," Patrick alitafsiri. "Anasema kila ukivuta unaacha hariri kidogo hapo."

Hasanali aliona kwamba ni kweli. Hakuwa amekusudia. Mkono ulikuwa umefanya wenyewe kama ulivyofanya maisha yake yote, kwa sababu godoro la sufi huanza kufa pembeni, watu wanaketi ukingoni kuvaa viatu, na fundi anayejiheshimu hushindilia pembe zaidi.

"Mwambie godoro hufa kuanzia pembeni."

"Babu, hili si godoro."

"Wewe mwambie."

Bi Lu alisikiliza, akafikiri, akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Anasema iache," Patrick alisema. "Bibi harusi atapata mahali pa kuwekea miguu yenye baridi. Canada kuna baridi."

Walimaliza mia kabla ya chakula cha mchana. Wifi yake Bi Lu aliinuka kigodani, akamwaga maji machafu mferejini kwa mlango wa nyuma, akarudi akakaa. Alipopita karibu na meza alikuwa ameweka mikono yake nyuma.

Darajani, wakirudi hotelini, Amreen alisimama.

"Umesema uongo, Babu."

"Nimesema maneno mawili."

"Yote mawili ya uongo."

"La pili ni kweli. Yuko Toronto, tumemzika huko."

"Usinifanyie mzaha. Bibi Shen anajua umefiwa. Alikupa pole siku ya posa. Akijua umeushika huo mfarishi hataupokea."

"Nani atamwambia? Wewe? Huyu mwizi?"

Patrick alitazama maji.

"Ungesema kweli," Amreen alisema, "labda wangekukubalia. Wewe ni mgeni."

"Yule wa kigodani ni wifi yao, ana miaka thelathini ya kazi, hawakumkubalia. Mimi wangenikubalia nini? Sheria za wakubwa, mama, ukizingoja zikuonee huruma utangoja mpaka mauti." Alimshika mkono. "Nimetimiza neno la bibi yako. Imekwisha. Twende mkale, mimi mniagizie mayai, na waambieni nyama ya nguruwe isipite hata juu ya sahani yangu."

*

Mfarishi ulifunguliwa Toronto, Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana, nyumbani kwa wazazi wa Patrick. Clara, mama yake, alikuwa ameondoa kila kitu juu ya meza ya chakula na kutandika shuka nyekundu. Kulikuwa na chai na machungwa. Bibi Shen, wa miaka themanini na minne, alikaa kwenye kiti dirishani, mbali na meza, mikono yake ameiingiza ndani ya mikono ya sweta. Hasanali alipewa kiti kando yake, kama wanavyokalishwa wazee wawili katika kila nyumba duniani, mahali ambapo hawatazuia njia.

Clara aliukunjua. Ulimwagika mezani mweupe, ukafura kidogo, ukatulia. Bibi Shen alivuta pumzi.

"Mrefu wa kutosha?" aliuliza. Kiingereza chake kilikuwa cha vipande, kama cha Hasanali, na labda kwa hiyo walielewana.

"Wa kutosha, Mama," Clara alisema. Alikuwa anapapasa kutoka katikati kwenda nje, akibonyeza. "Laini. Sawasawa. Sawasawa. Na hapa..." Alisimama. "Hapa pamekosewa. Pembe hii ni nene. Nene sana, kama mto."

"Pembe ngapi?"

"Moja tu."

Bibi Shen aliinama mbele kwenye kiti chake mpaka Hasanali akadhani ataanguka. Alitaka kuona, lakini hakusogea.

"Nenda ushike mwenyewe," Hasanali alimwambia.

Clara ndiye aliyejibu, kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Mama hagusi vitu vya harusi. Tangu baba afariki, miaka kumi na tisa. Hata dada yake Patrick alipoolewa, hakushika kitu."

Hasanali alitazama ile mikono iliyofichwa ndani ya sweta.

Bibi Shen alikuwa amekwisha kasirika, na hasira yake haikuwa kwa Hasanali. Alisema maneno mengi kwa lugha yake, na Patrick, alipoona mzee anamtazama, akatafsiri kwa sauti ya chini. Kwamba Bi Lu ameharibika. Kwamba mama yake Bi Lu asingeitoa kazi kama hii mlangoni hata kwa mtawa asiyeolewa. Kwamba siku hizi wanafanya kwa ajili ya watalii. Kwamba kesho atampigia simu, amwambie, na kisha atawapigia Wachina wote wa Agincourt wenye mabinti, na hakuna atakayeagiza kwake tena.

"Bibi, hakuna ubaya," Amreen alisema haraka. "Mimi naipenda hiyo pembe."

"Wewe hujui. Ndiyo sababu amekupa hiyo. Ameona wageni, hawajui."

Hasanali alikuwa amesikia maneno ya namna hiyo maisha yake yote, na mengi aliyasema yeye. Wameharibika. Hawajali. Walituona hatujui. Alipenda sana kuyasema, na alijua jinsi yanavyokaa vizuri mdomoni. Aliweza kunyamaza. Bi Lu alikuwa upande wa pili wa dunia. Simu ingepigwa, angesema pembe ile ilishikwa na mgeni, asingeaminiwa, naye Amreen mwezi wa tano angelala chini ya pembe ile. Alihitaji kufunga mdomo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Alikunywa chai. Ilikuwa imepoa.

"Pembe hiyo ni yangu," alisema.

Bibi Shen aligeuka.

"Bi Lu hana kosa. Mtu wao wa nne alikosekana. Nilishika mimi. Aliniuliza kama nina mke, nikamwambia ninaye." Aliongeza, kwa kuwa lilikuwa linamkera: "Na haikukosewa. Kwetu ndivyo pembe inavyofanywa."

Clara aliondoa mikono yake juu ya mfarishi polepole, kama aliyeambiwa una joto. Amreen alikuwa ameanza kulia bila sauti. Bibi Shen alimtazama Hasanali kwa muda mrefu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Halafu ukashika."

"Mimi fundi wa magodoro. Huyu ni mjukuu wangu. Nilimwahidi mke wangu." Hasira ilikuwa inampanda, na aliipokea kama mgeni wa siku zote. "Nani aliyeiweka sheria hii? Niambie jina lake. Mtu amemzika mwenzake, bado mnamnyima na kazi ya mikono yake?"

"Walioiweka," Bibi Shen alisema, "walikuwa na wake zao."

Hasanali aliweka kikombe chini.

"Kwenu hamna?" bibi aliuliza. "Aliyefiwa, kwenu, anampamba bibi harusi?"

Alitaka kusema hamna. Lakini alikumbuka harusi ya Shamez, asubuhi, wanawake wamemzunguka bibi harusi wanampaka ule unga wa manjano wenye manukato, na mama yake Hasanali, mjane wa miaka mingi, amesimama mlangoni na sahani mkononi, hapiti kizingiti. Ni nani aliyemwambia asimame pale? Hasanali alijaribu kumkumbuka mtu huyo, ampe lawama yake. Hakumpata. Mwenye nyumba siku ile alikuwa yeye.

"Ipo," alisema.

Bibi Shen aliinuka. Ilimchukua muda, Patrick alikuja kumshika, bibi akamsukuma kando. Alikwenda mpaka mezani, akatoa mikono ndani ya sweta, akaiweka yote miwili juu ya hariri, wazi, na kuiacha hapo. Kisha akapapasa mpaka pembeni, akaibonyeza ile pembe, akaibonyeza tena.

"Ngumu," alisema. "Kama tandiko la punda."

"Itadumu miaka thelathini."

"Mimi nina themanini na nne."

"Basi utawaachia wengine."

Patrick alicheka, akajizuia. Amreen alifuta uso. "Bibi, naomba nibaki nao," alisema. "Kitanda ni changu. Sijali nani aliyeushika."

"Hujali kwa sababu mume wako yuko hapo amesimama," Bibi Shen alisema, bila ukali. "Clara atampigia Bi Lu kesho, aagize mwingine. Amwambie ule wa kwanza ulikuwa mzuri, ni sisi tumeuharibu njiani. Huu ni wangu. Miaka kumi na tisa natumia blanketi la dukani."

Hivyo ndivyo shauri lilivyokatwa, na hapakuwa na mahali pa kukata rufaa. Hasanali alijua kwamba mwezi wa tano Amreen atalala chini ya pembe nne zilizo sawa, kazi ya watu wasiomjua, na kwamba neno alilompa Gulbanu limevunjika, na safari hii aliyelivunja hakuwa waziri wala meneja wala daktari. Alitafuta koti lake.

"Unakwenda wapi?" Bibi Shen aliuliza. "Kunja kwanza. Peke yangu siwezi."

Hasanali alirudi mezani, akashika pembe mbili za upande wake. Bibi akashika mbili za upande wake. Waliuinua. Amreen alisogea kuwasaidia, akanyoosha mkono chini ya katikati, palipokuwa panabonyea.

"Wewe kaa mbali," Bibi Shen alimwambia. "Usiguse."

Amreen alirudi nyuma akasimama karibu na Clara. Wazee wawili walirudi nyuma kila mmoja hatua moja, hariri ikanyooka kati yao.

"Unavuta sana," bibi alisema.

"Wewe ndiye uliyelegeza."

"Polepole, mzee. Si godoro hili."

Walikwenda kukutana katikati ya chumba. Hasanali alimkabidhi bibi pembe zake, ile nene ikiwa juu, akainama kuokota mkunjo uliobaki ukining'inia chini.